Pafu jipya, figo zile zile: matatizo ya figo kwa waliopandikizwa mapafu

#1 Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wanajukwaa. Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu waliopandikizwa mapafu, ndugu wanaowauguza, na wahudumu wa afya wanaokutana nao mara chache katika kazi zao. Upandikizaji wa mapafu unapozungumziwa, maneno mengi huwa juu ya operesheni yenyewe na hatari ya mwili kulikataa pafu, na figo hutajwa mwishoni, ikiwa zitatajwa. Mimi ni daktari wa kliniki ya figo, na wagonjwa hawa hutufikia makovu yakiwa yameshajijenga, ilhali huko nyuma zilikuwapo nafasi kadhaa za kuzuia. Msimamo wangu ni kwamba sehemu ya madhara hayo haikwepeki, kwa kuwa ndiyo gharama ya kulilinda pafu. Sehemu nyingine, wala si ndogo, inazuilika. Asiyezitenganisha sehemu hizi mbili huishia ama kukata tamaa mapema, ama kupunguza dawa ambayo haikupaswa kuguswa.

Uhusiano wa viungo hivi viwili ulijionyesha tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1963, James Hardy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, walimpandikiza binadamu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa huyo, ambaye alikuwa na ugonjwa wa figo tangu kabla ya operesheni, aliishi siku 18, na kilichomuua ni figo kushindwa kazi. Ilipita miaka 20 kabla timu ya Joel Cooper huko Toronto haijapata mafanikio ya kudumu, mwaka 1983, kwa msaada mkubwa wa siklosporini, dawa ya kushusha kinga iliyotokana na kuvu wa udongoni. Mwaka uliofuata tu, ripoti za wagonjwa waliopandikizwa moyo zilionyesha kwamba dawa hiyo hiyo huacha makovu ya kudumu kwenye figo. Tangu hapo takrolimasi imechukua nafasi ya siklosporini katika vituo vingi, lakini dawa hizi mbili ni za kundi moja na kwa figo zina tabia moja.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye New England Journal of Medicine, uliowafuatilia watu 69,321 waliopandikizwa viungo vingine visivyo figo nchini Marekani kati ya 1990 na 2000. Kwa waliopandikizwa mapafu, karibu asilimia 16 walikuwa wamefikia kushindwa kwa figo kwa kiwango kikubwa ndani ya miaka 5, yaani figo zao zilichuja chini ya mililita 30 kwa dakika. Katika kundi zima la utafiti, waliofikia hali hiyo walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara nne ya wenzao. Wenye upungufu wa kiwango cha kati ni wengi zaidi ya hao, na hawamo katika hesabu hiyo.

Madhara ya kwanza hutokea ndani ya wiki ya operesheni. Katika tafiti nyingi, nusu hivi ya wagonjwa au zaidi hupata jeraha la ghafla la figo, ambalo hutambuliwa kreatinini (taka inayopimwa kwenye damu, ambayo figo huitoa) inapopanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita (miligramu 0.3 kwa desilita) ndani ya saa 48, au inapofika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, au mkojo unapopungua mno kwa saa 6 au zaidi. Wengi wao hawafiki kwenye mashine ya kusafisha damu, na kwa sababu hiyo jeraha lao husahaulika upesi. Sababu zinajulikana: shinikizo la damu kushuka wakati wa upasuaji, damu kupotea, muda mrefu kwenye mashine ya moyo na mapafu, na viuavijasumu vikali. Ila ipo moja ambayo ni ya wagonjwa wa mapafu hasa, nayo inahitaji maelezo marefu kidogo.

Pafu linapotolewa kwa mtoaji, njia zake za limfu, zinazoondoa maji ya ziada, hukatwa, na mishipa yake midogo huumia kwa saa zile linapokaa bila damu. Likishapandikizwa huvujisha maji kirahisi, na maji yakijaa ndani yake mgonjwa hakosi kupungukiwa na oksijeni. Ndiyo maana madaktari wa wagonjwa mahututi hujitahidi kuliweka pafu kavu: wanabana maji ya dripu, wanatoa dawa za kukojosha. Figo zinahitaji kinyume chake, kwa kuwa haziwezi kuchuja damu isiyozifikia kwa wingi na kwa shinikizo la kutosha. Sioni mkosaji hapa. Pafu likishindwa siku ya pili, figo nzima hazitamwokoa mgonjwa. Ninachosisitiza ni kwamba katika siku hizo ambazo figo zimenyimwa maji kwa makusudi, kila mzigo mwingine unaoweza kuahirishwa uahirishwe. Kuna vituo vinavyotumia sindano ya basiliksimabu, dawa nyingine ya kushusha kinga, siku ya operesheni na siku ya nne ili takrolimasi ianze taratibu, na mimi naona huo ni utaratibu wenye busara kwa mtu ambaye figo zake zilikuwa dhaifu kabla.

Baada ya hapo huja miezi na miaka ya takrolimasi. Dawa hii hukaza kimshipa kinachopeleka damu kwenye kila kichujio cha figo, kama mtu anayeukunja mpira wa maji kabla haujafika kwenye bustani: bustani ni nzima, lakini haipati maji. Katika hatua hiyo madhara hurudi nyuma dozi ikishuka. Mkazo huo ukiendelea kwa miaka, kuta za vimishipa hunenepa, nyama ya figo hupata makovu ya mistari mistari, na hapo hakuna kurudi nyuma. Takrolimasi huleta pia shinikizo la juu la damu, hupandisha potasiamu, hushusha magnesiamu, na huweza kuleta kisukari, hasa ikiungana na predinisoloni, dawa ya steroidi. Shinikizo na kisukari nazo huendelea kuzila figo kwa njia zao wenyewe. Kwa mapafu, vituo vingi hulenga kiwango cha nanogramu 10 hadi 15 kwa mililita katika mwaka wa kwanza, juu ya kile kinacholengwa baadaye kwa waliopandikizwa figo, kwa kuwa pafu hupokea hewa ya nje kila sekunde na ni chepesi kukataliwa. Hiyo ndiyo gharama isiyokwepeka niliyoitaja.

Sasa nije kwenye kreatinini, kipimo ambacho kila mgonjwa hukijua na ambacho kwa wagonjwa hawa hudanganya kuliko kwa wengine. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu aliyeugua mapafu kwa miaka hadi akahitaji kupandikizwa huwa amekonda, misuli imekwisha. Kreatinini yake kabla ya operesheni huwa chini, na hesabu ya uchujaji inayotokana nayo huonyesha figo nzuri kuliko zilivyo. Baada ya operesheni hukaa kitandani, hupewa steroidi kwa wingi, misuli huzidi kupungua. Kwa hiyo matokeo yanaweza kusomeka "ya kawaida" huku theluthi ya uwezo wa figo ikiwa imekwenda. Kipimo cha sistatini C husaidia kwa kuwa hakitegemei misuli, ijapokuwa steroidi hukipandisha, hivyo nacho kisomwe kwa uangalifu. Ombi langu ni kwamba msilinganishe matokeo ya mgonjwa na kipimo cha mtu wa kawaida kilichochapwa pembeni mwa karatasi. Mlinganisheni na matokeo yake mwenyewe ya miezi mitatu na ya mwaka mmoja uliopita. Na mkojo upimwe protini, jambo ambalo husahaulika mara nyingi mno.

#2 Mchangiaji

Shikamoo daktari. Mama yangu mzazi alipandikizwa mapafu, na sasa kreatinini yake inapanda kila anapopimwa. Tumeambiwa kwamba dawa ya kulinda pafu ndiyo inayoumiza figo. Nyumbani tumegawanyika: wapo wanaosema tumpunguzie dozi ya jioni, kwa kuwa pafu liko salama na figo ndizo zinazoteseka. Naomba mwongozo wako.

#3 Mwanzisha uzi

Marahaba, dada, na pole kwa kuuguza. Tafadhali msipunguze. Figo huharibika kwa miezi na miaka, nanyi mtapata muda wa kuchukua hatua; mwili unaweza kulikataa pafu ndani ya siku chache, na uwezo wa kupumua unaopotea kwa njia hiyo mara nyingi haurudi. Isitoshe, mtakapopunguza bila kupima, daktari atakayesoma kiwango cha dawa atadhani mama anainyonya vibaya, naye ataipandisha.

Kinachofanyika kwa utaratibu ni tofauti kidogo na kinavyodhaniwa. Kwanza huangaliwa kama kiwango cha takrolimasi kimepanda kwa sababu nyingine, na damu ya kipimo hicho ni lazima itolewe kabla ya dozi ya asubuhi, saa 12 hivi baada ya ile ya jioni. Nimeona matokeo yaliyowatia watu hofu bure kwa sababu mgonjwa alimeza dawa kwanza ndipo akaenda maabara. Pili, huulizwa kama mama ameharisha. Kuharisha kunatisha kwa njia mbili: hukausha mwili, na utumbo uliovimba hupitisha takrolimasi nyingi zaidi kuingia kwenye damu, hivyo figo hupigwa mara mbili kwa wakati mmoja. Tatu, hupitiwa orodha nzima ya dawa zake.

Yote hayo yakiwa sawa na kreatinini bado inapanda, timu inaweza kushusha kiwango kinacholengwa na kuziba pengo kwa dawa nyingine ya kushusha kinga, mara nyingi everolimasi au sirolimasi. Dawa hizi mbili zina masharti. Hazitolewi katika miezi ya kwanza, kwa kuwa huchelewesha kupona kwa maungio ya njia ya hewa, pale pafu jipya liliposhonwa, na yanaweza kuachia. Na hazifai sana kwa mtu ambaye tayari anapoteza protini nyingi kwenye mkojo, kwa kuwa huiongeza. Ndiyo sababu nasema mapema kuna faida. Badiliko linalofanyika uchujaji ukiwa bado mililita 50 kwa dakika huokoa kitu. Likifanyika ukiwa 20, makovu yameshatangulia.

#4 Mchangiaji, mfamasia

Nashukuru kwa uzi huu, daktari. Naomba niongeze upande wa dawa, kwa sababu nadhani sehemu kubwa ya yale yanayozuilika iko kwetu, kwenye dirisha la dawa.

Takrolimasi huvunjwa na vimeng'enya vya ini na utumbo. Dawa za fangasi kama vorikonazoli, itrakonazoli na posakonazoli huvizuia vimeng'enya hivyo, na kiwango cha takrolimasi huweza kupanda mara kadhaa ndani ya siku chache. Viuavijasumu klarithromisini na erithromisini hufanya vivyo hivyo. Azithromisini athari yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba waliopandikizwa mapafu hupata fangasi mara nyingi, na dawa hizo wanazihitaji kwelikweli, kwa hiyo takrolimasi ipunguzwe siku hiyo hiyo zinapoanza na ipimwe tena ndani ya wiki. Jambo linalosahaulika ni siku ya kuacha: dawa ya fangasi ikimalizika, takrolimasi hushuka, na asipoikumbuka mtu pafu hubaki bila ulinzi. Rifampisini ya kifua kikuu, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, huenda upande wa pili, huiteketeza takrolimasi hata isionekane kwenye damu. Balungi nalo huipandisha, hivyo huepukwa kabisa.

Kisha zipo dawa zinazoumiza figo zenyewe moja kwa moja: viuavijasumu gentamisini, tobramisini na amikasini, vankomaisini isipopimwa, amfoterisini ya fangasi ya aina ya zamani, na foskaneti ya virusi. Valigansiklovia, inayozuia virusi vya sitomegalo, haiumizi figo sana, lakini dozi yake hufuata uwezo wa figo. Ikiachwa juu wakati figo zimeshuka, chembe nyeupe za damu huporomoka. Kotrimoksazoli nayo ina jambo lake: hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza uchujaji, kwa kuwa huzuia figo kuitoa, ila potasiamu inayopanda nayo ni ya kweli na ifuatiliwe.

Katika zote hizi, inayonisikitisha zaidi ni ibuprofeni, pamoja na diklofenaki na ndugu zao. Zinauzwa bila cheti. Mgonjwa anaumwa mgongo, ananunua, hamwambii mtu. Takrolimasi imekwisha kukibana kimshipa kinachoingiza damu kwenye kichujio, na dawa hizi huondoa kemikali zilizokuwa zikijitahidi kukipanua. Kwa maumivu ya kawaida atumie parasetamoli kwa dozi inayoruhusiwa, na yakizidi arudi kwa wanaomtibu.

#5 Mchangiaji

Daktari, wengine hushauri kunywa maji mengi sana ili "kuosha" figo. Kwa mtu wa mapafu hilo ni salama? Na je, kwa kuwa ipo dawa ya belatasepti, inayotumiwa kwa waliopandikizwa figo na isiyokaza mishipa ya figo, kwa nini wagonjwa wa mapafu wasihamishiwe huko wote?

#6 Mwanzisha uzi

Maji hayaoshi makovu. Mgonjwa aliyetulia, mwenye mkojo wa kawaida na asiyevimba miguu, anywe kiasi cha kutosha asipate kiu na mkojo usiwe wa rangi iliyokoza; wakati wa joto kali au homa aongeze. Aliye na moyo dhaifu, au ambaye pafu lake bado lina maji, hupewa kipimo chake na timu, na hapo wingi wa maji unaweza kumrudisha hospitalini. Akiharisha au kutapika kwa zaidi ya siku moja, asikae nyumbani akijaribu kunywa tu: apimwe kreatinini, potasiamu na takrolimasi, na aulize kama dawa za kukojosha na baadhi ya dawa za shinikizo zisimamishwe kwa muda.

Kuhusu belatasepti, swali lako ni zuri, nami nilikuwa na matumaini makubwa juu yake. Jaribio dogo kwa wagonjwa waliopandikizwa mapafu, ambako dawa hiyo ilitumiwa tangu mwanzo, lilisimamishwa kwa kuwa vifo vilizidi kwenye kundi lililoipata. Wapo waliohamishiwa baadaye kwa sababu figo zilikuwa zinakwisha, lakini huo ni uamuzi wa mgonjwa mmoja mmoja. Kinachofaa figo iliyopandikizwa hakilifai pafu kwa lazima.

Afadhali nguvu ziende kwenye mambo yasiyo na mvuto lakini yenye matunda: shinikizo la damu lidhibitiwe kwa kulipima nyumbani, sukari idhibitiwe, protini ikionekana kwenye mkojo dawa za kuipunguza zianzwe huku potasiamu ikipimwa, na asidi ya damu irekebishwe. Na mgonjwa anapopangiwa picha ya CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani, aseme mapema kwamba figo zake zina upungufu. Wakati mwingine picha isiyo na dawa hiyo hutosha. Wakati mwingine dawa inahitajika kweli na haifai kuiogopa kupita kiasi, ila mgonjwa asiende akiwa amekaukiwa maji.

#7 Mchangiaji

Naomba kuuliza jambo gumu, na simaanishi kumvunja moyo mtu. Viungo vya kupandikiza ni haba. Mtu amepewa mapafu, kisha figo zake zinakufa, anaingia tena kwenye orodha kuomba figo. Aliyesubiri figo miaka mingi kwenye mashine ya kusafisha damu atalionaje hilo? Na kama figo zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa nini alipewa mapafu?

#8 Mwanzisha uzi

Ni swali la haki, ndugu, na lazima lijibiwe bila kulikwepa.

Kuhusu mwanzo: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 kuhusu kuwachagua wagonjwa wa kupandikizwa mapafu unaweka uchujaji wa chini ya mililita 40 kwa dakika kuwa kizuizi, isipokuwa pale mgonjwa anapofikiriwa kupandikizwa viungo viwili kwa pamoja; walio kati ya 40 na 60 huhesabiwa kuwa na hatari iliyoongezeka. Tatizo ni lile nililolieleza: kwa mtu aliyekonda, 60 iliyoandikwa kwenye karatasi inaweza kuwa 45 kwa kweli. Ningependa kila anayepimwa kwa ajili ya mapafu afanyiwe kipimo ambacho hakitegemei misuli, na aonwe na daktari bingwa wa figo kabla ya operesheni hata kama namba zinaonekana nzuri.

Kuhusu orodha: kwa mtu aliyepandikizwa mapafu ambaye figo zimeshindwa kabisa, kuishi kwa kusafishwa damu kuna hatari kubwa. Maambukizi ni mengi kwa sababu ya dawa za kushusha kinga, na maji yanayojaa kati ya kipindi kimoja cha mashine na kingine huliumiza pafu. Wanaofanikiwa kupata figo kwa jumla huishi muda mrefu kuliko wanaobaki kwenye mashine. Marekani ilianza mwaka 2023 kutumia utaratibu wenye vigezo vya kupima nani apewe mapafu na figo kwa pamoja, ikaweka pia njia ya kipaumbele kwa mtu ambaye figo zake zinashindwa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kupata mapafu. Mimi naunga mkono njia hiyo ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu inawapa nafasi wale ambao figo zingerudi zenyewe baada ya dhoruba ya operesheni, badala ya kuwapa figo ya mtu mwingine kabla haijajulikana kama waliihitaji. Pale ambapo ndugu aliye hai anaweza kujitolea figo moja, hakuna anayepokwa nafasi kwenye orodha, na mazungumzo hayo yaanze mapema, uchujaji ukikaribia 20.

#9 Mchangiaji wa #2

Daktari, nimemwonyesha mama majibu haya. Ametukumbusha kwamba alipewa dawa ya fangasi mwezi uliopita na zahanati nyingine, na sisi hatukujua. Damu ya kipimo cha takrolimasi nayo ilikuwa ikitolewa baada ya kifungua kinywa, akiwa ameshameza dozi.

#10 Mwanzisha uzi

Basi mpigieni simu mratibu wa kituo chake cha upandikizaji leo hii, mtajieni jina la dawa hiyo ya fangasi na tarehe aliyoianza, na kama bado anaitumia asiiache kabla hamjazungumza naye. Kesho asubuhi aende maabara akiwa na dozi yake mkononi, atolewe damu, ndipo ameze. Waombeni wapime kwa pamoja kreatinini, potasiamu, magnesiamu na protini ya mkojo, na muwapelekee matokeo ya zamani yote mliyo nayo, hata yale ya kabla ya operesheni.